Kinga ya difu kwa Mkonga (Land Cruiser za 70): lala chini ya gari kabla ya kununua

Harufu ya oili ya difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye matairi, ukiijua hutaisahau. Ina salfa ndani yake, inanuka kama gunia la vitunguu vilivyooza. Mimi niliijua vizuri jioni moja tukitoka Ngare Sero, kule Ziwa Natron, kuja Engaruka, nimebeba wageni sita. Mvua ya jana yake ilikuwa imeshusha mawe korongoni, na malori yalishachimba mifereji miwili ya matairi. Nikaifuata ile mifereji, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Katikati kulikuwa na jiwe jeusi limejifunika mchanga. Gari likapiga ngo! likasita, likapita. Mita mia mbele nikaanza kusikia krr, krr, krr, inaongezeka kadiri ninavyokanyaga mafuta.

Nikaingia chini na tochi. Difu ya mbele, ule upande wake wa mviringo unaotazama barabara, ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Bati lilikuwa limeingia ndani mpaka krauni, ile gia kubwa ya ndani, inalikwangua, na kwenye ukingo wa bonyeo palikuwa na ufa mwembamba unaotoa jasho la oili.

Kilichotuokoa ni haabu za kufunga kwa mkono, vile vifungio vya katikati ya matairi ya mbele. Nikatoa fowili (nguvu ya matairi yote manne), nikafungua haabu zote mbili, krauni ya mbele ikaacha kuzunguka na kelele ikakatika palepale. Ule ufa nilianza kuusugua sabuni ya mche, maana tangi la dizeli likitoboka sabuni inakufikisha nyumbani. Kwenye difu yenye joto iliyeyuka. Nikapangusa, nikaweka gundi ya chuma ya kuchanganya, tukanywa chai tukisubiri ikauke. Wageni waliambiwa tumesimama kuangalia nyota.

Tangu hapo nimefunga kinga, yaani bati la kuikinga difu na mawe, kwenye gari langu na ya wenzangu kadhaa, na mambo ninayoyaangalia ni haya.

Kwanza, jua difu yako imekaa kwenye nini. Mkonga una ekseli nzima, bomba moja toka tairi hadi tairi, mbele na nyuma. Difu iko katikati ya ekseli na inapanda na kushuka pamoja na matairi. Kwa hiyo lile bati kubwa linalofungwa kwenye chesisi chini ya injini haliisaidii kitu, linalinda sampu tu, lile bakuli la oili ya injini. Kinga yako lazima ifungwe kwenye ekseli yenyewe. Prado na Hilux za miaka hii ni tofauti: mbele difu imening'inia kwenye chesisi na bati la kiwandani linaikinga, ila nyuma ni ekseli nzima kama Mkonga. Nimeshamwona mtu amenunua kinga nzuri ya difu ya mbele ya Mkonga kwa ajili ya Hilux. Ipo ghalani mpaka leo.

Pili, tafuta makovu. Jiwe linagonga pale linapogonga, siyo pale muuzaji anapokuonyesha. Mimi hupaka rangi nyeupe ya ukutani chini ya difu zote mbili, mbele na nyuma ya mviringo, kisha nafanya safari zangu kwa mwezi mzima. Ukilala tena chini unasoma kama daftari. Kwenye Mkonga mara nyingi difu ya mbele imeliwa usoni, kwa sababu lile bati la mviringo ndilo linalotangulia. Ya nyuma imegeuka: shingo ya chuma cha kumimina ndiyo iko mbele, nayo ni ngumu, kwa hiyo kinachoumia ni ukingo wa chini na nati zake. Bati la nyuma huliwa ukiwa unarudi kinyumenyume, ile korongo imekushinda na mgeni anakuuliza kama kuna njia nyingine. Ukiwa na hela ya kinga moja tu, anza na ya mbele.

Sasa jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Wakishagonga difu wanakimbilia kuweka springi ndefu. Springi zinainua chesisi na bodi. Difu ya ekseli haipandi hata milimita moja, kwa sababu imekaa juu ya matairi. Kinachoipandisha ni tairi peke yake. Ukitoka 265/75 R16 ukaenda 285/75 R16, kipenyo kinaongezeka kama sentimita 3, na difu inapanda nusu ya hapo, sentimita moja na nusu. Halafu unakuja na kinga ya bati la milimita 6, umeacha nafasi ya milimita 10 kati yake na difu: umeila sentimita na nusu yote. Ndiyo maana sipendi kinga za bakuli zinazofunika difu nzima. Nataka bati lenye mteremko, linaanza juu usoni, linashuka kwa ulalo na kuishia chini kidogo tu ya difu, ili jiwe likikutana nalo gari liteleze kama jahazi linapandishwa pwani. Bati lililosimama wima linaligonga jiwe, halilipandi.

Hiyo nafasi kati ya bati na difu usiifute lakini. Bati likikaa limegusa difu, pigo linapita moja kwa moja na umenunua pambo. Upana wa kidole unatosha.

Kuhusu chuma au alumini, nimetumia vyote. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 cha chuma cha milimita 6 kina uzito wa kilo 4 na kidogo. Cha alumini cha milimita 8 hakifiki kilo 2. Uzito kwenye ekseli springi haziubebi, gari linausikia kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi. Ila alumini ni laini, inalishika jiwe badala ya kuteleza, na siku ikipinda huko Loliondo hutampata wa kuichomelea. Chuma unakinyoosha kwa nyundo na gogo. Mimi nabaki na chuma.

Ufungaji ndio unaotenganisha kinga na bati la kelele. Tafuta inayofungwa kwa klampu zinazokumbatia bomba la ekseli pande zote mbili za difu, boliti zilizoandikwa 8.8 (alama ya ugumu) kichwani, nati zenye plastiki ndani zisizolegea. Vichwa vya boliti viwe vimezama au vimekaa nyuma ya bati. Vikijitokeza chini jiwe litavinyoa na siku ya kufungua utaita grenda. Fundi akikwambia "nikuchomelee kwenye ekseli, dakika kumi tu," mshukuru uondoke. Joto linaweza kupinda bomba na kuunguza oili sili, zile ringi za mpira zinazozuia oili, na akibana waya wa ethi kwenye chesisi, umeme utapita kwenye beringi.

Angalia matundu. Lazima liwepo moja kubwa usawa wa nati ya kumwagia oili, la kuingiza soketi namba 24, na mengine ya kutolea tope. Kinga isiyo na matundu inajaza udongo mweusi wa Ngorongoro, unakauka kama tofali, difu inapata joto na kutu inakula kimyakimya.

Ukishaifunga, zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, huku mtu amelala chini anaangalia rodi za usukani. Halafu inua tairi moja la mbele kwa jeki mpaka springi ikunjike, uone kama bati linagusa propela, ule mhimili unaoizungusha difu, au chochote. Usimwachie muuzaji kipimo hiki. Kaza boliti tena baada ya kilomita 500 za vumbi. Za kwangu zote zililegea mara ya kwanza, moja nilikuta imebaki kwa uzi mmoja.

Na maadamu uko chini tayari, fuata ule mpira mwembamba wa kupumulia difu mpaka mwisho wake. Ukiwa umekatika, ukiingia mtoni na difu ya moto itavuta maji, na oili itatoka rangi ya chai ya maziwa, kinga iwepo isiwepo.