Ukitaka kuandika riwaya ya mapenzi ya watu wawili walioumizwa, busu lisiwe kidonge

Rasimu yangu ya kwanza ya stori ya namna hii, mdada alikuwa hajalala vizuri miaka minne, hataki kuguswa, mtu akipaza sauti anatetemeka, afu sura ya nane akapigwa busu na sura ya tisa kapona, analala fofofo. Rafiki yangu aliyenisomea akaniuliza kitu kimoja tu, "kwa hiyo busu ni kidonge?" Nilicheka ila iliniuma, nikafuta sura kumi na moja.

Kwa hiyo usianzie kwenye kilichowapata, anzia kwenye kinachowasumbua leo. Wengi tunakimbilia lile tukio lenyewe, tunalimwaga lote kurasa tano za mwanzo utadhani tunaandikisha maelezo polisi, na msomaji wa watu hata hajaanza kumpenda mtu yeyote humo ndani. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, basi we mwonyeshe msomaji unyasi tu, nyoka atamtafuta mwenyewe.

Mfano Zuhura anaosha vyombo, jirani anabamiza mlango. Usiandike eti aliogopa kwa sababu babake alikuwa mkali. Andika mikono imeganda kwenye maji, afu inaanza tena kusugua, sahani ile ile ambayo ilishatakata zamani, anasugua tu mpaka Kassim, mpenzi wake, anakuja anafunga bomba. Basi, usiongeze neno. Msomaji ameshaijua nyumba aliyokulia.

Halafu soma kidogo, usibuni dalili kichwani. Madaktari wa akili wa Marekani waliingiza tatizo la msongo baada ya kiwewe kwenye mwongozo wao mwaka 1980, na toleo la 2013 likapanga dalili kwenye mafungu manne: kumbukumbu zinazojileta zenyewe, kukwepa kila kinachokumbusha, mawazo na hisia kuharibika (kujilaumu, ganzi, kuona dunia yote mbaya), na mwili kukaa chonjo muda wote. Sasa waandishi karibu wote tunang'ang'ania lile fungu la kwanza, jinamizi na kupiga kelele usiku wa manane, wakati kwa riwaya ya mapenzi dhahabu iko kwenye kukwepa, maana kukwepa kunafanana kabisa na kutopenda. Hapokei simu, anageuza mada, kila mwaka tarehe fulani anapata safari ya ghafla, na yule anayempenda anabaki kujiuliza amekosea wapi. Ila usimtwishe mtu mmoja dalili zote, na si kila aliyeumizwa ni mgonjwa, wengine wana tabia moja tu ya ajabu na maisha yanaenda.

Ukishawajua hivyo, fanya majeraha yao yagongane. Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo ningekushauri ukae hata wiki nzima. Zuhura kelele zinamrudisha utotoni, kwa hiyo ugomvi ukianza ananyamaza na kujifungia chumbani. Kassim aliachwa na mama aliyeondoka bila kuaga, kwake ukimya maana yake mtu yuko ndani anafungasha, kwa hiyo anagonga mlango, anapaza sauti "Zuhura ongea na mimi!", na jinsi anavyogonga ndivyo mwenzie anavyozidi kujikunyata. Hakuna mbaya pale. Kila mtu anajikinga, na kinga yake ndo inamchoma mwenzie. Ukipata jozi ya hivyo huhitaji eks wa kuja kuvuruga wala meseji iliyosomwa vibaya, na kama stori yako haiendi bila meseji iliyosomwa vibaya rudi kwenye majeraha, hujayachimba.

Kwa mpangilio mimi naazima kwa Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, ambaye mwaka 1992 aliigawa safari ya kupona hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwisho kurudi kuungana na watu. Mwenyewe alionya zisichukuliwe kama ngazi iliyonyooka, mtu anapanda anashuka. Kwako wewe maana yake siri kubwa haisemwi usiku wa kwanza, inasemwa baada ya Kassim kuthibitika kwenye vitu vidogo vidogo, kasema atafika saa kumi akafika saa kumi. Na siri ikisemwa tafadhali usimpe Kassim hotuba. Mpe swali, "nikae hapa au nikuache kidogo?" Aliyeumizwa alinyang'anywa uamuzi, sasa anarudishiwa. Hata kitandani ni hivyo hivyo, kipande ambacho mmoja anasema subiri na mwenzie anasubiri bila kununa kinaweza kuwa na moto kuliko kile walichomaliza.

Kassim asiwe daktari wake pia. Weka mwanasaikolojia hata kwa kutajwa, au rafiki, au dada, ila mwanasaikolojia asimpende mteja wake jamani, hiyo ni kuvunja maadili ya kazi na wasomaji wanajua. Na kidonda kisimpe mtu leseni, mkaka anayekagua simu na kufoka ni mkorofi hata kama utoto wake unaliza.

Karibu na robo ya mwisho waachanishe, ila iwe kwa sababu ya jambo zuri. Zuhura anampa ufunguo wa nyumba, Kassim anaogopa kuachwa akiwa na ufunguo mkononi, anaamua kuondoka yeye kwanza. Kila mmoja afanye kitu peke yake kabla ya kurudiana, la sivyo watakuwa wameegemeana tu.

Mwisho lazima wawe pamoja na kuwe na matumaini, bila hilo wasomaji wa mapenzi hawakusamehi, lakini usiwaponye mpaka wang'ae. Mi huwa narudi kwenye kile kipande cha mwanzo. Jirani anabamiza mlango, mikono ya Zuhura inasimama kwenye maji. "Huyu jirani huyu," anasema kwa sauti, Kassim anasikia toka sebuleni ila haji. Zuhura anaweka ile sahani pembeni, anachukua nyingine.