Kabla ya kupanda baiskeli Tabora mwezi wa Oktoba

Oktoba hapa Tabora ni mwezi wa baiskeli. Barabara za vumbi zimekauka, mashamba hayajaanza kulimwa, na kila mtu ana pa kwenda: mkaa uingie mjini, asali itoke porini, harusi na misiba inahitaji watu. Ndio mwezi huohuo wenye joto kuliko yote, mchana nyuzi 30 zinapitwa siku baada ya siku. Nimeona watu wazima wenye misuli wakishushwa na jua kwenye baiskeli zao, na mdogo wangu wa kuzaliwa naye alikuwa mmoja wao. Kisa chake nitakifikia.

Kwanza ujue unapambana na nini. Mji wetu uko kama digrii 5 kusini mwa ikweta. Jua likiwa safarini kwenda kusini hutupitia utosini wiki ya kwanza ya Oktoba, kisha hutupitia tena Machi likirudi. Machi tunasitiriwa na mawingu ya mvua. Oktoba hakuna cha kutusitiri. Tena tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kile kibaridi cha alfajiri kinachokufanya uvae koti kisikudanganye.

Jambo ninaloliweka mbele ya yote ni saa ya kuondoka. Kofia, losheni, miwani, vyote ni vizuri, lakini havimwokoi aliyetoka nyumbani saa nne na mzigo kwenye keria. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: saa zetu ni moja na za Dar es Salaam, ila sisi tuko magharibi mbali, kwa hiyo jua letu huchelewa. Mwanzoni mwa Oktoba linafika utosini karibu saa saba kasoro, si saa sita kamili. Linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na kuzama kama saa moja kasoro dakika ishirini. Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado linavumilika. Kikishakuwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Kwa Oktoba hiyo ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Sasa piga hesabu. Kuna mwanga wa kutosha kuona barabara kabla kidogo ya jua kuchomoza. Ukiwa barabarani saa kumi na mbili na robo, una saa tatu na ushee. Baiskeli ya kawaida yenye mzigo kidogo, kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, itakufikisha kilomita 40 au 45. Kwenda Kwihara, hapa jirani na mji, na kurudi ni kitu kidogo. Sikonge, yapata kilomita 70, haifikiki kwa mkupuo mmoja ndani ya saa hizo, na Urambo, iliyo mbali zaidi, ndiyo kabisa. Hapo ama unapanga mahali pa kujipumzisha mchana kutwa, ama unapanda basi. Anayesema ataunganisha moja kwa moja kwa sababu mwaka jana aliweza, mwaka jana alikuwa na bahati.

Wala si maarifa mapya haya. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe na nguo kati ya huku na pwani enzi za misafara, walikuwa wakiondoka alfajiri na kutua mizigo kabla jua halijakomaa. Watu wale walitembea kwa miezi, na hivyo ndivyo walivyofika.

Kuhusu jioni, niseme jambo moja tu. Saa kumi jua limelegea lakini hewa bado ni tanuri, kwani joto la mchana hufikia kilele karibu saa tisa, na lami inaendelea kurudisha moto ilioumeza. Ukisubiri saa kumi na moja unapata raha, lakini giza liko mlangoni. Bila taa ya mbele na kiakisi nyuma, usitoke.

Pa kupumzika pachague kabla, si pale ulimi ulipokauka. Watu huona msitu wote kandokando ya barabara ya Sikonge wakadhani kivuli kiko kila mahali. Miyombo, miti ya msitu huo, hupukutisha majani kiangazi, na ile rangi nyekundu nzuri ya majani machanga unayoiona kabla ya mvua bado haijawa kivuli cha kumlaza mtu. Tegemea miembe. Mwembe haukosi majani, na mahali penye miembe mikubwa mara nyingi pana watu, na penye watu pana maji. Kabla ya kukaa, tazama juu. Huu ni mkoa wa asali. Mzinga unaweza kuwa juu ya kichwa chako, na kiangazi nyuki wanatafuta maji popote, hata kwenye kitambaa chako kilicholowa.

Maji yenyewe sasa. Mtu anayekanyaga pedali juani anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Oktoba hewa yetu ni kavu, kwa hiyo jasho hukauka kabla hujaliona. Unajiona mkavu, unadhani hutoki jasho, ukivua shati jioni unakuta michoro myeupe ya chumvi mgongoni. Na baiskeli inatengeneza upepo wake, nao unakuficha zaidi. Ndiyo maana mtu akisimama ghafla hububujikwa na jasho kama aliyemwagiwa. Kuna mtego mwingine: upepo wa kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka mashariki. Ukielekea Urambo, upande wa magharibi, unakusukuma, unafurahi, kumbe unakwenda nao mwendo mmoja na hakuna hewa inayokupoza. Njia nyepesi ndiyo inayochemsha mwili.

Kwa safari ya asubuhi nzima beba lita tatu walau, na ujue utajaza wapi. Kunywa mafunda machache kila baada ya muda mfupi, usingoje kiu ikutese. Vilevile usijilazimishe kubugia maji matupu lita kwa lita, kwani chumvi ya mwili huzimuliwa na hiyo nayo ni hatari. Safari ikizidi saa mbili, chupa moja iwe na maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visawazishwe visiwe na kilima. Ukizidisha chumvi umeharibu. Michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi) na karanga mfukoni hufanya kazi nzuri, nami binafsi naona matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa) ni bora zaidi kwa sababu yanatafunika hata koo likiwa kavu. Pombe ya jana usiku ni deni utakalolipa njiani.

Maji yabaki baridi vipi? Fanya kama mtungi unavyofanya. Kidumu kivalishe gunia la katani au soksi nene, lowesha, kifunge upande usiopigwa na jua. Unyevu ukikauka huondoka na joto la maji. Kwa hewa kavu ya Oktoba mbinu hii inafanya kazi hasa. Mvua zikianza na hewa ikiwa na unyevu, nguvu yake hupungua.

Kuhusu nguo, mikono mirefu inashinda mikono mifupi, hata kama unahisi joto kuitazama. Shati liwe pana ili hewa ipite, na kitambaa kiwe kimefumwa kwa kushikana: kiinue kwenye mwanga, ukiona jua kupitia nyuzi ujue ngozi yako nayo italiona. Fulana nyeupe iliyochakaa haikingi sana, na ikilowa kinga yake hupungua zaidi. Nguo nyeusi inakinga mionzi lakini inafyonza joto. Bluu iliyokolea na nyeusi zina kasoro ya ziada kwetu: ukipita maporini, mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyowaita, huzifuata rangi hizo. Nguo ya rangi ya udongo au kaki imenitosha miaka yote. Mtumbani mashati ya namna hiyo hayakosekani.

Helmeti ina matundu na jua hupita humo, kwa hiyo vaa kitambaa chepesi chini yake, kishuke hadi shingoni. Shingo ya nyuma ndiyo inayosahaulika, maana unapoinamia usukani unaianika moja kwa moja. Halafu migongo ya mikono, na juu ya mapaja kwa mwenye kaptula.

Wapo watakaosema ngozi nyeusi haihitaji losheni ya jua. Weusi wetu ni kinga kweli, lakini si ukuta. Ngozi nyeusi nayo huungua, midomo na masikio vikiwemo. Ukiwa na losheni ya kinga (SPF) ya 30 au zaidi, paka robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, kijiko cha chai kizima kwa uso na shingo, kingine kwa kila mkono, na urudie kila saa mbili kwa sababu jasho huiosha. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si suala la kupendelea, ni suala la uhai, maana saratani ya ngozi inawafuata mapema. Kwao ipo losheni ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi mahususi kwa ajili yao. Ulizia kliniki ya ngozi. Na bado, kwa mtu mwenye ualbino, safari ya baiskeli kati ya saa tatu na saa kumi isiwepo kwenye mpango.

Macho hayakingwi na weusi wa ngozi. Jua na vumbi vya miaka mingi huotesha kinyama kwenye jicho, na wazee wengi waliozeeka juani wanacho. Miwani iliyoandikwa kwamba inazuia mionzi ya jua ndiyo ya kununua. Giza la kioo peke yake halimaanishi kitu.

Mwili pia unataka kuzoeshwa. Ukitoka kukaa Arusha au ofisini miezi mitatu, usianze na kilomita 50. Wiki moja hadi mbili za safari fupi zinazoongezeka kidogo kidogo huufundisha mwili kutoa jasho mapema na kubakiza chumvi. Anayetumia dawa za presha zinazokojoza, au antibiotiki ya doksisaiklini ambayo hufanya ngozi iungue upesi, amuulize daktari kwanza. Mwenye homa, hata ndogo, abaki nyumbani akapime malaria.

Baiskeli haina mengi: usiiache juani tairi ikiwa imejazwa hadi mwisho, beba viraka, solusheni na pampu, na funika siti kwa kitambaa. Kusukuma baiskeli yenye pancha saa saba mchana ndiko kunakowamaliza watu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu. Pancha, solusheni imekauka kwenye kichupa, tukasukuma. Alianza kwa kubanwa na misuli ya mguu, nasi tukacheka. Baadaye kichwa kikamuuma, akatapika. Hapo ilitupasa kusimama, kumweka kivulini, kumlegeza nguo na kumnywesha taratibu. Hatukufanya hivyo, tukaendelea. Dakika chache mbele akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka na kupepesuka, mwili unawaka, na jasho bado linamtoka, jambo lililonifanya nidhani hajafikia pabaya. Anayechanganyikiwa kwa joto yuko hatarini kufa, awe na jasho au mkavu. Usimpe cha kunywa kama hajitambui. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Kupoza kuanze palepale mlipo.

Maji ya kummwagia hatukuwa nayo, tulikuwa tumebakiza chupa moja ya kunywa. Kina mama waliokuwa wakichota kisimani ndio walioshusha ndoo zao, wakalowesha khanga na kumfunika, wakampepea hadi pikipiki ilipopatikana. Yu mzima leo. Tangu siku ile kwenye keria yangu kuna kidumu cha pili cha lita tano kisichonywewa, na hubaki pale hata nikienda Kwihara tu.