Kutambua vipuri visivyo na alama kutoka redio kuukuu

Chuma cha kulehemu kikae kando kwanza. Kipuri kilichofutika maandishi bado hutambulika kikiwa mahali pake kwenye bodi. Ukishakitupa kwenye kopo pamoja na vingine umepoteza nusu ya habari zake. Piga picha pande zote mbili za bodi, kisha fuata njia za shaba kuanzia vitu usivyoweza kuvikosea: spika, betri, kijiti cha feraiti cha antena. Transista mbili pacha zilizo karibu na spika ni za kutoa sauti. Vikopo vya chuma vyenye skrubu ya rangi juu ni koili: katika redio nyingi za transista za AM, nyekundu ni ya osileta (sakiti inayotengeneza mawimbi ndani ya redio), na njano, nyeupe na nyeusi ni hatua za masafa ya kati, yaani kilohezi 455 au karibu na hapo. Usiuchukulie mpangilio huu kuwa sheria, maana redio kuukuu huwa imeshapita mikononi mwa mafundi.

Redio ya vali, yaani ile ya taa za kioo, inaweza kuwa na volti zaidi ya 200 kwenye kapasita zake hata baada ya kuchomolewa. Ziondoe chaji kupitia rezista ya omu 10,000 ya wati 5 kwa sekunde 10, kisha pima kuhakikisha. Usiziunganishe miguu kwa bisibisi: hutoa cheche na kuumiza kapasita yenyewe.

Rezista iliyoungua usiipime ikiwa kwenye bodi. Nyanyua mguu mmoja, la sivyo utapima na majirani zake. Isiposoma kabisa, kwangua rangi, pima kutoka kila mguu hadi palipokatika, ujumlishe. Jibu litakuwa la kukadiria, lakini linatosha kuchagua thamani ya kawaida iliyo karibu: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 au 82 na sifuri zake. Zile za zamani za kaboni nzito hupanda thamani kwa miaka, kwa hiyo ikisoma 54 huenda ilizaliwa 47.

Transista ndiyo yenye kazi. Weka multimita ya dijitali kwenye alama ya dayodi, ipe miguu ya transista namba 1, 2 na 3, upime kila jozi pande zote mbili: vipimo sita. Transista nzima ya silikoni hutoa usomaji mara mbili tu, kati ya volti 0.55 na 0.75. Mguu uliomo katika vipimo vyote viwili ni besi; miwili iliyobaki ni emita na kolekta. Transista ni za aina mbili, NPN na PNP: kama besi ilikuwa imeguswa na waya mwekundu, ni NPN. Ukiwa mweusi, PNP. Upande uliosoma juu kidogo, tuseme 0.672 dhidi ya 0.665, ndio emita. Tofauti hiyo ni ndogo mno na joto la vidole huivuruga, kwa hiyo iache ipoe na uthibitishe kwenye tundu la hFE (kipimo cha transista kukuza mkondo) la multimita: ikikaa sawa husoma kubwa, aghalabu zaidi ya 100, kolekta na emita zikibadilishana, husoma ndogo sana. Anayetumia mita ya mshale ajihadhari: nyingi hutoa chanya kwenye waya mweusi zikiwa kwenye omu, na NPN itaonekana PNP.

Usomaji wa 0.15 hadi 0.3 ni wa transista ya jemaniamu badala ya silikoni, na hizo nyingi ni PNP. Huvujisha umeme, kwa hiyo namba ya hFE huwa imevimba. Ishike kwa vidole uone inavyopanda. Ikiwa na miguu minne, mmoja umeungwa na kopo lake la chuma na husoma sifuri nalo. Katika transista za jemaniamu za AF114 hadi AF117 huota nyuzi nyembamba za bati ndani zinazogusisha kopo na miguu mingine. Ukiona kopo limeungana na mguu mwingine zaidi ya wake, kata ule wa kopo. Mara nyingi transista hufufuka.

Miguu miwili ikisoma mamia ya omu pande zote, na wa tatu ukifanya kama dayodi kwa yote miwili, hiyo ni FET (transista inayoongozwa na volti), kawaida ya upande wa FM.

Dayodi ya kioo inayosoma 0.3 au chini huwa ya kugundua mawimbi. Ikisoma 0.7 inaweza kuwa ya kawaida au zena (dayodi ya kushikilia volti maalumu), na mita peke yake haitoshi kuzitofautisha. Lisha volti 30 kupitia rezista ya omu 4,700, chanya kwenye upande wenye mstari, upime juu ya dayodi: zena ya chini ya volti 30 hujisimamisha kwenye volti yake, ya kawaida huonyesha karibu zote 30.

Kapasita ya elektroliti yenye mguu kila upande huwa na mfereji kiunoni. Upande wa mfereji ni chanya. Kuukuu inaweza kupima mikrofaradi sawa na bado ikavujisha, kwa hiyo ilishe volti zake kupitia rezista na uangalie mkondo unavyoshuka. Seramiki ndogo pima bila kugusa miguu yote miwili, ukitoa kwanza kile mita inachosoma ikiwa tupu. Chini ya pikofaradi 20 mita za kawaida hukisia tu, na hizo hazistahili jioni yako.