Kusoma sheria Tanzania: uombe au usiombe, na uombe wapi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wengi waliosoma michepuo ya HKL, HGL au HGK (Historia pamoja na Jiografia au lugha) huweka Sheria kuwa chaguo la kwanza kwa sababu pointi zinatosha. Pointi kutosha ni jambo moja, kufika mwisho wa safari ni jingine. Kuwa wakili Tanzania Bara kunapitia milango mitatu: shahada ya kwanza ya sheria (LL.B), ambayo ni miaka 3 au 4 kutegemea chuo, mwaka mmoja katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, ambayo kila mtu huiita Law School, kisha kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Tunashauri upange kwa kurudi nyuma. Chuo cha kuomba ni kile kitakachokuandaa kwa mlango wa pili, kwa sababu hapo ndipo watu hukwama.

Ukubwa wa tatizo ulionekana Oktoba 2022. Katika matokeo ya Law School yaliyotangazwa wakati huo, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Wizara ya Katiba na Sheria iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wote hao 633 walikuwa tayari wana shahada mkononi. Beba namba hizo unapochagua chuo.

Hatua ya 1: Taja kazi unayoitaka

Andika kwenye karatasi kazi yenyewe, si "kuwa mwanasheria". Wakili wa kujitegemea, Hakimu Mkazi, Wakili wa Serikali, Afisa Sheria wa halmashauri au benki: kila moja ina masharti yake. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya mwaka uliopita, utafute nafasi hizo, unakili sifa zinazotakiwa. Utakuta kwamba hata nafasi za Afisa Sheria serikalini kwa kawaida zinadai shahada pamoja na kuhitimu Law School. Kwa hiyo anayesema "mimi sitaki uwakili, shahada itanitosha" ajue anajifungia sehemu kubwa ya ajira.

Kama nia yako ni kuwasaidia majirani kwenye migogoro ya mirathi na ardhi, huhitaji miaka mitano. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mafunzo yao ni mafupi. Kama unapenda mazingira ya mahakama lakini pointi ni chache, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa astashahada na stashahada ya sheria, na stashahada hiyo inaweza kukupeleka chuo kikuu baadaye. Na kama unakusudia kufanya kazi Zanzibar, kumbuka kwamba Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na utaratibu wake wa mawakili. Uliza huko kabla ya kudhani kwamba kiapo cha Bara kinatosha.

Hatua ya 2: Jipime kwa siku tatu

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, nayo haina gharama zaidi ya nauli na bando.

Siku ya kwanza na ya pili, nenda mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi iliyo karibu. Mashauri mengi husikilizwa kwenye mahakama ya wazi na mwananchi yeyote anaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, vaa nadhifu, zima simu. Utaona mashauri yakiahirishwa moja baada ya jingine kwa sababu shahidi hakuja au jalada halijaletwa, na katikati ya hayo utaona wakili mmoja akimhoji shahidi kwa saa nzima kuhusu tarehe moja tu. Jiulize kwa unyoofu kama ungeweza kuifanya kazi hiyo Jumatatu hadi Ijumaa kwa miaka 20. Uwakili wa kwenye runinga hauna maahirisho. Huu unayo, na mteja anakupigia simu kila yanapotokea.

Siku ya tatu, ingia TanzLII, tovuti ya bure inayoweka hukumu za mahakama zetu. Tafuta hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2019 kati ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Rebeca Gyumi, kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Imeandikwa kwa Kiingereza. Usitafute muhtasari wake gazetini kwanza. Isome, kisha uandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza wenye sehemu nne: nini kilitokea, swali gani liliulizwa mahakamani, mahakama iliamua nini, na kwa sababu gani.

Sehemu ya nne ndiyo kipimo. Ukiweza kueleza kwa sentensi zako mwenyewe kwa nini rufaa ya Serikali ilikataliwa, hata kama ilikuchukua saa sita na kamusi pembeni, una mahali pa kuanzia. Ukijikuta unanakili aya za majaji kwa sababu huwezi kuzisema upya, usikate tamaa, ila usiombe kabla hujalifanyia kazi tatizo hilo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini, lakini LL.B bado inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na hukumu za miaka mingi utakazotegemea zimo katika Kiingereza. Wanafunzi wengi wenye akili nzuri huanguka hapo: wanaijua hoja, lakini hawawezi kuiandika.

Hatua ya 3: Hesabu pointi zako sawasawa

Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya mchepuo yenye jumla ya pointi 4. Kosa la kawaida ni kujumlisha matatu. Mwenye D ya Historia, E ya Kiswahili na E ya Kiingereza huhesabu 2+1+1 na kusema anazo 4. Kwa masomo mawili bora anazo 3, hivyo hafiki. Alama ya S, iliyo chini ya E, si ufaulu wa kukuingiza.

Hicho ni kiwango cha chini tu. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, utafute LL.B ya kila chuo, usome safu ya sifa: ipo orodha ya masomo yanayokubaliwa, na baadhi ya vyuo huongeza sharti la Kiingereza. Wenye stashahada wanahitaji GPA ya 3.0 au zaidi pamoja na ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, na namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Iombe AVN mapema. Kila mwaka kuna watu wanaoikosa awamu ya kwanza ya maombi kwa sababu ya namba hiyo tu.

Hatua ya 4: Bajeti ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza

Chukua ada ya chuo unachokitaka, uizidishe kwa miaka ya programu. Ongeza malazi, chakula, nakala za vitabu na mafunzo kwa vitendo. Kisha ongeza mwaka mzima wa Law School, wenye ada yake na maisha ya Dar es Salaam. Ukikadiria shilingi 300,000 kwa mwezi kwa chakula, chumba na nauli, hizo ni 3,600,000 kwa miezi 12 kabla hujagusa ada. Ongeza pia miezi ya kusubiri kati ya mlango mmoja na mwingine. Familia nyingi hupanga hadi mahafali ya shahada, halafu kijana anakaa nyumbani miaka miwili akitafuta ada ya Law School huku aliyoyasoma yakimtoka.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) uombe, lakini bajeti yako isiutegemee wote. Hakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, kwa sababu uhakiki huchukua muda na bila huo maombi hayakamiliki. Mkopo wa shahada hauendelei wenyewe hadi Law School. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Hatua ya 5: Chagua vyuo vitatu kwa maswali, si kwa majina

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kwa kitivo cha sheria, na jina lake bado lina uzito. Kiko jirani na Law School. Mzumbe iko nje kidogo ya mji wa Morogoro, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kiko Dodoma, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kiko Mwanza, na Iringa kuna Ruaha Catholic University. Chuo Kikuu Huria kinamfaa aliye kazini na mwenye nidhamu ya kusoma peke yake. Asiye nayo atakaa huko miaka mingi kuliko alivyopanga.

Jina lisikumalizie kazi. Tafuta wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wa kila chuo, uwaulize haya: Semina moja ina watu wangapi? Kwa muhula mmoja mnaandika kazi ngapi za maandishi, na mhadhiri anazirudisha zikiwa na maoni au na alama tupu? Je, mmewahi kuandaa hati ya madai, hati ya kiapo au mkataba tangu mwanzo hadi mwisho? Mahakama ya mfano, yaani kesi ya mazoezi, ni ya kila mwanafunzi au ya wachache wanaoshindana? Kuna kituo cha msaada wa kisheria ambako mwanafunzi anakutana na mteja wa kweli?

Law School hupima utendaji: kuandaa nyaraka, kutumia Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai (Sura ya 33) na Sheria ya Ushahidi (Sura ya 6) kwenye tukio ulilopewa. Aliyepita shahada kwa kukariri madesa hufika huko bila silaha. Kwa hiyo chuo kisicho na jina kubwa, chenye semina ya watu 25 na mhadhiri anayerudisha kazi ikiwa imejaa kalamu nyekundu, tungekichagua kabla ya ukumbi wa watu 400.

Ukifikiria kwenda kusoma nje, Kampala au Nairobi kwa mfano, ulizia TCU kuhusu utambuzi wa shahada hiyo na Law School kuhusu masomo ya lazima, kabla ya kulipa chochote.

Hatua ya 6: Tuma maombi

Maombi hutumwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Andaa namba za mitihani za kidato cha nne na cha sita, na uhakikishe majina yanafanana kwenye vyeti vyote. Herufi moja ikitofautiana, shughulikia hati ya kubadili jina sasa. Omba awamu ya kwanza, kwa sababu awamu zinazofuata hubakiwa na nafasi zilizosalia. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, utatumiwa msimbo wa kuthibitisha kimoja tu, na siku za kufanya hivyo ni chache. Basi tumia namba ya simu iliyo yako mwenyewe, si ya mwenye stationery aliyekujazia fomu.