Ramu ya 3200 inasoma 2400: soma mistari miwili kabla ya kusema ni feki

Juzi binti mmoja wa chuo alirudi mezani kwangu Kariakoo, mashine kaipakata kifuani. "Kaka, ramu (RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta) uliyoniuzia feki. Imeandikwa 3200, Windows inasema 2400." Nikamwambia, "Kaa mdogo wangu, tuifungue pamoja." Lawama hii inaniuma, kwa sababu mara nyingi ramu haina kosa.

Anza na kibandiko. Yake iliandikwa 8GB 1Rx8 PC4-3200AA. PC4 maana yake DDR4, yaani kizazi cha nne cha ramu za DDR, na 3200 ni kasi: data huhamishwa mara milioni 3200 kwa sekunde. Ukikuta PC4-25600 usidhani ni aina nyingine. Zidisha 3200 kwa baiti 8, unapata megabaiti 25,600 kwa sekunde. Na CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vya kompyuta, ikikuonyesha 1600 hivi, zidisha kwa mbili, maana DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo wa saa.

Kwenye ubao wa ramu kuna kichipu kidogo kuliko punje ya mchele. Hicho ndicho SPD, cheti cha kuzaliwa cha ramu: ukubwa, kasi na volti vimo humo. Ukiwasha mashine, BIOS, programu ya kwanza kabisa kuamka, hukisoma kabla Windows haijaamka, kisha huangalia prosesa inamudu kasi gani na ramu ya pembeni ina kasi gani. Mwenye kasi ndogo kuliko wote ndiye anayefuatwa. Windows yenyewe haipimi chochote, inasoma yale BIOS iliyoandika.

Nikachomeka flashi yangu ya Linux, nikaandika:

sudo dmidecode -t memory

Tafuta mistari miwili. "Speed" ni uwezo wa ramu: kwake 3200 MT/s, yaani zile mara milioni 3200 kwa sekunde. "Configured Memory Speed" ni kasi inayotumika sasa: 2400 MT/s. Prosesa yake ni i5-8250U, na Intel waliiwekea mwisho wa 2400 kwa DDR4. Hata ungemletea ramu ya bei gani, isingevuka hapo.

Je, mstari wa kwanza nao ukiwa chini ya kibandiko? Usikimbilie kugombana, kuna mashine ambazo BIOS huandika namba moja kote. Kwenye Linux hiyo hiyo sakinisha i2c-tools, programu za kusoma vichipu kama SPD, andika sudo modprobe ee1004, kisha sudo decode-dimms. Hapo unasoma SPD yenyewe. Kibandiko huchapishwa popote, kwa hiyo SPD ikisema 2400 juu ya kibandiko cha 3200, rudi kwa muuzaji na picha ya skrini. Isipokuwa ramu za kompyuta za mezani za wacheza gemu: nyingi hutangaza 2133 au 2400, na ile 3200 imewekwa kwenye XMP, mpangilio wa kasi ya juu uliohifadhiwa ndani ya ramu, ambao unauwasha mwenyewe ndani ya BIOS.

Binti akasoma mistari yote miwili kwa sauti, akatulia. Kisha akatoa kwenye pochi ramu yake ya zamani, 4GB ya 2133. "Na hii niitupe?" Nikaichomeka tundu la pili. Zote mbili zikashuka hadi 2133, lakini sasa ana 12GB. Kwa mtu anayefungua tabo thelathini akiandika ripoti, ukubwa utamfaa kuliko kasi aliyopoteza. Nikafunga skrubu.