Kupanga Safari ya Hermanus: Milima Asubuhi, Mvinyo Mchana

Hermanus ni mji wa pwani Afrika Kusini, kama kilomita 120 kutoka Cape Town. Mgongoni mwake kuna bonde la Hemel-en-Aarde, na mashamba ya mizabibu yanaanzia karibu na bahari yakipanda na barabara ya R320 kuelekea Caledon. Kwa hiyo siku moja inatosha kutembea mlimani, kuona nyangumi na kuonja mvinyo, bila kusafiri umbali wa kuchosha. Ndugu na marafiki wa hapa Dar wananiomba niwapangie safari hii, na karibu wote wanaanza kwa kuniuliza hoteli. Mimi naanza na kadi ya benki. Sababu iko hatua ya 3.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kule Hermanus mvua hunyesha wakati wa baridi, Juni hadi Agosti. Kiangazi chao, Desemba hadi Februari, ni kikavu lakini kina upepo mkali wa kusini-mashariki, ule wenyeji wanaouita Cape Doctor. Upepo huo ukikolea, hema halisimami na ukingoni mwa mlima hakutembeleki.

Nyangumi wa kusini huja kuzaa na kulea katika ghuba ya Walker kuanzia Juni hadi Novemba, na hujaa zaidi Agosti hadi Oktoba. Uvunaji wa zabibu ni Februari na Machi, mara moja tu kwa mwaka, tofauti na Dodoma wanakovuna mara mbili. Huwezi kupata vyote kwa safari moja. Mimi nachagua mwishoni mwa Septemba au Oktoba: maua ya porini yamechanua, nyangumi bado wapo, na jua limeanza kurudi. Epuka tu siku za karibu na tarehe 24 Septemba, maana ni sikukuu ya taifa na mji hufurika.

Hatua ya 2: Tiketi na karatasi

Wenye pasi za Tanzania na Kenya huingia kutembea bila viza, hadi siku 90. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, usibishane.

Hatua ya 3: Gari, na hasa amana ya gari

Hapa ndipo safari nyingi hukwama, kwa hiyo vumilia.

Kampuni za kukodisha magari hazitaki pesa ya kodi peke yake. Ukifika kaunta wanazuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama amana, na nyingi zinataka kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva mkuu. Mume akiwa ndiye dereva na kadi ikawa ya mke, hamjapata gari. Kadi nyingi tulizonazo sisi ni za debiti, au zile za kwenye simu. Ubaya ni kwamba ukilipa mtandaoni zinakubali vizuri kabisa. Unapata uthibitisho, unapata namba, unalala usingizi. Kukataliwa kunakuja ukiwa uwanja wa ndege na masanduku yako.

Mdogo wangu na mkewe yaliwakuta hayo. Walitua jioni, wakazunguka kaunta moja baada ya nyingine mpaka watu walianza kufunga. Mimi niko Dar, natuma ujumbe, naongea na huduma kwa wateja ya benki, nasubiri muziki uishe. Mwishowe kampuni moja ikakubali kadi ya debiti kwa sharti la kununua bima kubwa kuliko zote. Walilala Cape Town usiku huo badala ya Hermanus, na chumba cha Hermanus kikalipiwa bure.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, iandikie kampuni barua pepe na uulize: mnapokea kadi ya debiti kwa amana? Amana ya gari hili ni randi ngapi? Nikichukua bima kamili, amana inashuka hadi kiasi gani? Jibu lichapishe, uwe nalo mkononi, kwa sababu mtu wa kaunta si yule aliyekujibu.

Kisha nenda benki. Waambie wafungue matumizi ya nje ya nchi na wapandishe kikomo cha siku, maana kadi inaweza kuwa na hela ikakataa kwa sababu ya kikomo tu. Kwenye kadi ya debiti pesa huondoka kweli kwenye akaunti na inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya kukabidhi gari. Ikirudi, imerudi kwa randi, na tofauti ya kubadilisha unaibeba wewe. Usiweke amana kwa hela ya ada ya shule.

Kwenye bima, soma sehemu ya vioo, matairi na barabara za changarawe. R320 ina lami, lakini njia za kuingilia mashambani nyingi ni changarawe, na kuna mikataba ambayo haifidii tairi. Piga video ya gari lote, pamoja na rimu na paa, kabla ya kuwasha. Leseni yenye picha na saini, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inakubalika. Wanaendesha kushoto kama sisi.

Hatua ya 4: Malazi

Lala Hermanus kwenyewe, si Cape Town. Siku ya kwenda na kurudi ni siku ya barabarani.

Hatua ya 5: Njia ya kwenda

N2 kupitia Sir Lowry's Pass ni ya haraka, saa moja na nusu hivi. Mimi nakuambia pita R44 kutoka Gordon's Bay, inayokumbatia bahari hadi Rooi-Els, kisha Betty's Bay. Hapo Stony Point kuna pengwini wa Afrika, ambao mwaka 2024 waliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Unasimama kwenye njia ya mbao na wao wanapita chini yako wakiyumba, wananuka samaki. Ukisimama njiani, vioo juu na milango ifungwe: nyani wa huku wanajua kufungua mlango wa gari, na mfuko wa plastiki kwao ni chakula.

Hatua ya 6: Asubuhi, miguu

Usiku uliotangulia angalia upepo saa kwa saa. Natumia Windy, programu ya simu ya utabiri wa upepo, siamini picha za jua na wingu za simu. Upepo ukiwa mdogo, panda Fernkloof, hifadhi iliyo juu ya mji yenye njia nyingi za kuchagua. Ukiwa mkali, bakia chini kwenye Cliff Path, njia ya kama kilomita 12 inayofuata majabali ya pwani hadi ufukwe wa Grotto.

Nyangumi wa kusini hana pezi mgongoni, na pumzi yake hupanda kwa mikono miwili kama herufi V. Ukiiona V, kaa. Usikimbilie simu, huenda akatokea karibu zaidi kuliko ulipokuwa unaangalia. Usishuke kwenye mawe yaliyolowa, mawimbi makubwa hapa hayabishi hodi.

Vaa nguo kwa tabaka. Koti la upepo lina faida kuliko sweta nene.

Hatua ya 7: Mchana, kuonja

Bonde hili lilianza kujulikana kwa mvinyo baada ya Tim Hamilton Russell kununua shamba mwaka 1975. Hewa baridi ya baharini huchelewesha zabibu kuiva, ndiyo maana wameshikilia zabibu za aina ya Pinot Noir na Chardonnay. Ukipanda bonde kwa R320 utaona majina yote ya mashamba barabarani.

Mashamba mawili kwa siku yanatosha. La tatu hukumbuki ulichoonja. Weka nafasi mapema, na uangalie saa za Jumamosi, maana baadhi hufunga mchana na Jumapili hawafungui kabisa. Anza na lililo mbali juu, kisha shuka, ili mwisho wa siku uwe karibu na mji.

Kikomo cha kileo kwa dereva ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu. Dereva ateme. Ndoo ya kutemea iko mezani na hakuna atakayekuangalia vibaya, hao watengeneza mvinyo wenyewe wanatema. Kama hakuna anayetaka kutema, kodi mtu wa kuwazungusha mchana huo na gari lipumzike hotelini.

Hatua ya 8: Chupa za kurudi nazo

Forodha za Afrika Mashariki huruhusu lita 2 za mvinyo kwa mtu mzima bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida. Ziweke kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege, kila moja ndani ya soksi na kisha kwenye mfuko uliofungwa, katikati ya nguo na si pembeni. Nguo nyeupe zipeleke kwenye sanduku lingine.