Kumtuliza Nyoka Mgeni Kizimbani: Ushauri kwa Wafugaji wa Mombasa

Mfugaji anayempokea nyoka mpya huwa na hamu ya kumshika, kumlisha na kumwonyesha kwa jamaa na majirani, na hamu hiyo ndiyo humdhuru mnyama mara nyingi kuliko kukosa chakula. Nyoka hana njia ya kujua kwamba ametoka kwa mfugaji mmoja akaenda kwa mwingine. Anachokitambua ni kwamba harufu alizozizoea zimetoweka, sakafu inatetemeka kwa namna ngeni, na pale alipo hajui pa kujificha. Katika hali hiyo husita kula, huweza kutapika anapolazimishwa, na nguvu ya mwili wake ya kupambana na maradhi hupungua. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumvusha salama katika wiki hizo za mwanzo, hasa hapa Mombasa, ambako joto na unyevu wa bahari huleta shida ambazo mafunzo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hayazigusi.

Kibali hutangulia. Nyoka ni mnyamapori mbele ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kumfuga bila idhini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, yaani KWS, ni kosa. Anayetaka kufuga na aende kwanza katika ofisi ya shirika hilo akaulizie masharti, kisha anunue kwa mfugaji mwenye kibali, ambaye atampa hati za mnyama. Nyoka aliyeokotwa shambani Kisauni au kuchimbuliwa mchangani huko bara hafai kufugwa: ukamataji wake ni kinyume cha sheria, na mara nyingi huja na minyoo na kupe, naye hukubali kizimba kwa taabu kubwa. Nyoka wenye sumu wasiingizwe kabisa katika nyumba ya kuishi watu, hata kama mwenye nyumba anajiona hodari. Chatu naye, ijapokuwa hana sumu, hukua kupita mita nne, na nyumba ya kawaida ya mjini haimtoshi.

Wanaobaki ni wachache, na kati yao nitawazungumzia wawili walio wa hapa Kenya. Wa kwanza ni boa wa mchangani, Eryx colubrinus, mnene, mfupi, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa na kahawia, ambaye asili yake ni nchi kavu za kaskazini na mashariki. Hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa amefukiwa na mchanga, macho na pua tu vikichungulia. Wa pili ni nyoka wa kahawia wa majumbani, wa jenasi ya Boaedon, mwembamba, mwenye mistari miwili myeupe inayopita kichwani juu na chini ya jicho, ambaye hutoka usiku kuwinda panya. Wote wawili hawana sumu, lakini mahitaji yao katika hewa ya Mombasa hayafanani hata kidogo, na hapo ndipo wafugaji wengi hukosea.

Kizimba kiwe tayari kabla ya mgeni kufika

Kizimba kitayarishwe siku kadhaa mapema, ili joto lake lipimwe mchana na usiku kabla mnyama hajawekwa ndani. Kwa nyoka mmoja wa aina hizi, sanduku lenye urefu wa sentimita 75 hadi 90 na upana wa nusu yake linatosha, na mtoto huanza katika sanduku dogo zaidi kwa sababu nafasi kubwa iliyo wazi humtia hofu. Kifuniko kifungwe kwa komeo, si kwa kuegeshewa jiwe. Mahali popote panapopita kichwa cha nyoka, mwili wake wote utapita, kwa hiyo kagua pembe, matundu ya nyaya na ukingo wa wavu kwa kupitisha kidole.

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake. Hujipasha kwa kwenda penye joto na kujipoza kwa kuondoka, kwa hiyo kizimba chenye joto moja kila upande humnyima chaguo hilo. Boa wa mchangani huhitaji upande wenye nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi na mwingine wenye nyuzi 26 hivi. Nyoka wa majumbani hutosheka na nyuzi 29 hadi 31 upande wa joto na 24 hivi upande wa baridi. Mombasa, wakati wa kaskazi, chumba chenyewe hufika nyuzi 32 mchana bila kifaa chochote, na katika chumba cha paa la mabati lisilo na dari joto hupita hapo kwa mbali. Tatizo la mfugaji wa hapa basi, kwa miezi mingi ya mwaka, ni kupata upande wa baridi. Kizimba kiwekwe sakafuni au kwenye meza fupi, mbali na dirisha linalopigwa na jua, na wenye bahati ya kuishi katika nyumba za zamani za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, watachagua chumba cha chini cha ndani. Usiku wa kusi, hasa Julai na Agosti, boa anaweza kuhitaji mkeka mdogo wa umeme chini ya theluthi moja ya sanduku, ukiwa umeunganishwa na kidhibiti joto. Mkeka usio na kidhibiti humuunguza nyoka tumboni, kwa kuwa yeye hatambui upesi kwamba anaungua. Kipimajoto kilazwe pale nyoka anapolala, kwa sababu kilichotundikwa ukutani kinapima hewa asiyoigusa.

Unyevu ndio jambo ninalowasihi wafugaji walitazame kuliko yote. Boa wa mchangani ni mnyama wa nchi kavu aliyeletwa kwenye mji wa pwani. Wakati wa masika, kuanzia Aprili hadi Juni, maranda na mchanga hufyonza maji ya hewani hata kama hakuna aliyemwaga kitu, na nyoka anayelala siku nyingi juu ya tandiko bichi hupata malengelenge kwenye magamba ya tumbo, kisha magamba huanza kuoza. Ukichukua kiganja cha mchanga kutoka chini kabisa ya sanduku na kukifumba, mchanga ukishikamana kama unga wa kukanda, badilisha tandiko lote siku hiyo hiyo. Sehemu ya juu ya sanduku iwe ya wavu mwembamba, bakuli la maji liwe dogo na zito lisilopinduka, na liwekwe upande wa baridi ili lisitoe mvuke mwingi. Nyoka wa majumbani, kinyume chake, huipenda hewa yetu, na kwake inatosha kuhakikisha kwamba tandiko halilowi na hewa inapita.

Mchanga wa ufukweni usitumiwe. Una chumvi na vipande vya matumbawe na makombe vinavyochubua magamba, na hata ukioshwa mara nyingi vipande hivyo hubaki. Mchanga laini wa mtoni, ulioshwa na kuanikwa juani mpaka ukauke, unafaa zaidi, lakini hata huo uwekwe baadaye. Katika wiki za mwanzo tandika karatasi za gazeti tabaka kadhaa, ambazo boa atajipenyeza katikati yake kama anavyojipenyeza mchangani, nawe utaweza kuona kinyesi, damu, au vidudu vidogo vyeusi vinavyotembea. Maranda ya fundi seremala yenye vumbi au harufu kali ya mbao yaachwe kabisa.

Mahali pa kujificha pawe pawili, mahali pamoja upande wa joto na mahali pamoja upande wa baridi, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto linalomfaa. Kigae cha mtungi kilichoinamishwa kinafaa, na kwa mtoto wa nyoka wa majumbani kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango ubavuni ni bora kuliko vitu vingi vya kununua. Pango liwe dogo kiasi cha mgongo wake kugusa juu anapojikunja.

Safari na siku za kwanza

Nyoka husafirishwa ndani ya foronya safi iliyofungwa fundo, nayo foronya ikawekwa katika sanduku lenye matundu. Safiri alfajiri. Gari lililosimama juani kwenye foleni ya feri ya Likoni hupanda joto la kuua kwa dakika chache, kwa hiyo anayevuka apange muda wake na asimwache mnyama garini hata kidogo. Matatu si mahali pa kubebea nyoka, kwa usalama wake na kwa heshima ya abiria wengine.

Ukifika, weka foronya kizimbani, fungua fundo, funga kifuniko na uondoke. Atatoka mwenyewe, pengine usiku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu asipewe jembe kwa siku saba kamili. Katika muda huo kazi ya mfugaji ni kubadilisha maji kila siku, kuondoa kinyesi kinapoonekana, na kutazama kipimajoto. Maji yawe matamu. Visima vingi vya kisiwani na vya pwani vina maji ya chumvi, na mtu aliyezoea kuyatumia kwa kufulia anaweza kusahau kwamba mnyama hana pengine pa kunywa.

Wakazi wengine wa nyumba waelezwe mapema. Fukizo la ubani na udi, moshi wa dawa ya mbu, na zaidi ya vyote dawa ya kupulizia wadudu, visifike katika chumba cha nyoka. Nyoka wengi hutegemea zaidi pafu moja kubwa, na dawa hizo zinaweza kumuua. Sisimizi hufukuzwa kwa kuisimamisha miguu ya meza ndani ya mikebe yenye maji, kama tunavyofanya kwa kabati la vyakula. Muziki mzito na spika zilizowekwa sakafuni humsumbua kwa mtetemo, hata kama masikio ya nje hana. Jirani naye ana haki ya kujua, na mfugaji anayemweleza kwa adabu, akimwonyesha kibali na komeo la kizimba, hujenga uelewano ambao utamwokoa nyoka siku atakapotoroka.

Nyoka aliyeanza kutulia huonekana. Usiku hutembea polepole akifuata ukuta wa sanduku, ulimi ukitoka kwa muda mrefu na kupunga juu na chini kabla ya kurudi, na mchana hulala pangoni akiwa amelegea. Asiyetulia husugua pua kwenye wavu mpaka itoke damu, au hujikunja kama mpira akificha kichwa na kufoka kila kivuli kinapopita. Kwa huyo, funika pande tatu za sanduku kwa kitambaa cheusi, hakiki joto upya, na umwongezee siku za kuachwa.

Chakula cha kwanza kitolewe baada ya siku hizo saba, jioni, na kiwe kidogo kuliko kawaida: panya mmoja asiyezidi unene wa sehemu nene ya mwili wa nyoka. Atoke kwa mfugaji wa panya, awe amekwisha kuuawa, na kama alikuwa kwenye friza ayeyushwe kabisa kisha apashwe katika maji ya uvuguvugu. Panya hai humng'ata nyoka na kumtia vidonda. Panya wa kunaswa nyumbani ni hatari zaidi, kwa kuwa huenda amekula sumu, na sumu hiyo humfikia nyoka. Mshike panya kwa koleo ndefu, umsogeze taratibu, na asipochukuliwa kwa robo saa mwache mlangoni mwa pango usiku mmoja, kisha umtupe asubuhi. Akikataa, usijaribu tena kabla ya wiki moja kupita. Nyoka mzima mwenye afya huweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, lakini mtoto anayekataa mara tatu mfululizo apelekwe kwa daktari wa wanyama. Macho yakigeuka kuwa na ukungu wa buluu na rangi ya mwili ikafifia, anakaribia kujivua gamba, na kukataa chakula ni jambo la kawaida. Mwekee kopo lenye mlango na kitambaa kibichi ndani, liondolewe mara gamba litokapo.

Kama kuna nyoka wengine nyumbani, mgeni akae chumba chake kwa siku 60 hadi 90, ahudumiwe mwisho, na koleo na bakuli lake visichanganywe na vya wenzake. Vidudu vidogo vyeusi vinavyozama kwenye bakuli la maji au kukusanyika pembeni mwa macho ni utitiri unaonyonya damu, nao husambaa upesi. Pua yenye mapovu, pumzi ya mlio, na mdomo unaoachwa wazi huku kichwa kikiinuliwa juu ni dalili za maradhi ya mapafu, ambayo hapa hutokana mara nyingi na tandiko bichi. Hayo yanataka daktari siku hiyo, si dawa ya kubahatisha kutoka dukani.

Kumshika kuanze baada ya kula mara mbili au tatu bila kutapika, na kila baada ya mlo zipite saa 48 kwanza. Mguse ubavuni kwa ncha ya fimbo laini ili ajue kwamba hujaleta chakula, kisha umnyanyue kutoka chini kwa mikono miwili, kwa kuwa mkono unaoshuka kutoka juu kwake ni mkono wa mwewe. Dakika tano hadi kumi zinatosha kwa kuanzia. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, kwa sababu nyoka hubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Katika daftari andika tarehe za milo, za kujivua gamba na uzito wa kila mwezi kwa gramu, ili daktari na afisa wa wanyamapori, watakapokuja kukagua, wasome kutoka ukurasa mmoja.